Mche Uliotoka Safarini: Mgomba wa Maabara na Mmea-Mtungi

Katoni ya miche inapoteremshwa Bukoba, iwe imeletwa kwa basi, kwa meli kutoka Mwanza au kwa ndege, watu wengi hudhani kwamba safari imekwisha. Kwa mmea wenyewe, sehemu ngumu ya safari ndiyo kwanza inaanza. Katoni ikifunguliwa huonekana majani yaliyolala na kujikunja, mengine yamegeuka manjano, mengine yamevunjika vikonyo, na mizizi imepukutika udongo. Mpokeaji mwenye huruma hufanya mambo mawili upesi: huumwagia mche maji tele, kisha huutilia samadi ili upate nguvu. Yote mawili hutokana na nia njema, na yote mawili yaweza kuua mche ambao safari ilikuwa imeuacha hai.

Sababu yake ni rahisi kueleza ingawa si rahisi kuikumbuka mtu anapoona majani yamelegea. Mche uliotoka safarini haufi kwa njaa. Hufa kwa kiu, na pengine hufa kwa kiu hali mizizi yake imezama katika maji.

Thamani ya mche mmoja

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mgomba ni zaidi ya zao la sokoni. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndicho ghala la chakula la jamaa, na ndizi za kupika ndizo mlo wenyewe. Migomba hiyo ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki haizai mbegu. Huzaliana kwa machipukizi: chipukizi hung'olewa kwa jirani, hubebwa, na hupandwa. Njia hiyo imewatosha wazee tangu zamani, lakini ina kasoro moja kubwa. Kila kilichojificha ndani ya tunguu la mama husafiri pamoja na mtoto. Fukusi wa migomba husafiri hivyo, akiwa yai au buu ndani ya tunguu; na nematodi, yaani minyoo midogo mno inayokula mizizi, husafiri hivyo pia.

Msafiri mwovu kuliko hao alithibitishwa nchini Tanzania mwaka 2006, na mahali alipoonekana kwanza ni wilaya ya Muleba. Huyo ni bakteria wa jamii ya Xanthomonas, ambaye alielezwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968 katika enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba, na ambaye alikuwa ameripotiwa katika migomba ya Uganda mwaka 2001. Mgomba uliopatwa hunyauka majani, ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoka majimaji mazito ya manjano. Hakuna dawa ya kuuponya. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Machipukizi yatolewayo katika shamba lenye ugonjwa huueneza vilevile.

Ndiyo maana miche ya maabara ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango wa maendeleo ya jamii mkoani Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kilicho karibu na Bukoba, uliingiza mkoani miche iliyooteshwa katika chupa huko Leuven, Ubelgiji. Katika mji huo mna hazina ya kimataifa ya aina za migomba iliyoanzishwa mwaka 1985, na leo ina aina zaidi ya 1,500. Miongoni mwa aina zilizofika Kagera zilikuwamo FHIA-17 na FHIA-23, zilizozalishwa nchini Honduras, na Yangambi Km5 yenye asili ya kituo cha Yangambi nchini Kongo. Miche hiyo ililelewa vitaluni, ikapandwa katika mashamba ya kuzidishia, na kutokana nayo wakulima waligawiwa machipukizi zaidi ya milioni 2. Siku hizi miche ya namna hiyo hutoka pia katika maabara za Dar es Salaam na za nchi jirani, lakini Dar es Salaam nayo iko mbali: kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,300 hadi Bukoba.

Basi mche unapokufa kitaluni, hasara yake haiishii katika shilingi zilizolipwa. Mkulima aliyepoteza mche safi hurudi kwa jirani kuomba chipukizi, na hapo ugonjwa hupata mlango.

Hesabu ya katani

Historia ya nchi yenyewe ina mfano unaostahili kutajwa darasani. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwa hesabu ya asilimia, 93.8 ilipotea njiani. Katani ni mmea wa nchi kavu, wenye majani manene yenye nta na uwezo wa kukaa muda mrefu bila maji. Kama mmea wa namna hiyo ulipotea kwa kiasi hicho, msomaji anaweza kukisia yatakayoupata mmea wenye jani laini. Hata hivyo ile 62 iliuguzwa, ikazidishwa, na mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za nyuzi za katani. Idadi ya miche inayofika ni jambo moja. Namna inavyopokelewa ni jambo jingine, na pengine kubwa zaidi.

Yanayotokea ndani ya katoni

Jambo la kwanza ni giza. Jani lisilopata mwanga haliwezi kutengeneza sukari, lakini mmea hauachi kupumua. Unaendelea kuichoma sukari uliyokuwa nayo, kama jamaa inayokula akiba bila kulima. Joto huharakisha matumizi hayo. Kwa mimea mingi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa kupumua huongezeka karibu mara mbili. Katoni iliyoachwa juu ya paa la basi, katika jua la mchana, kwa hiyo hula katika saa chache akiba ambayo ingeutosha mche siku nzima kivulini.

Baridi nayo ina madhara yake. Mgomba ni mmea wa nchi za joto, na tishu zake huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Jani lililopigwa na baridi halionyeshi ubaya mara moja. Huonekana salama siku ya kufika, kisha siku mbili tatu baadaye hugeuka kahawia. Wapokeaji wengi huilaumu mbolea au maji yao kwa jambo lililotokea njiani.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa Kagera wanalifahamu vizuri kwa jina jingine. Ndizi za kutengenezea rubisi hufukiwa shimoni na kufunikwa kwa majani ili ziive pamoja. Kinachoziivisha ni gesi iitwayo ethilini, ambayo ndizi zenyewe huitoa, na ambayo hukusanyika kwa sababu shimo limefunikwa. Majani yaliyojeruhiwa hutoa gesi hiyo hiyo. Katoni iliyozibwa kabisa ni shimo la kuvundikia: ethilini hukusanyika ndani yake, na majani huzeeka kabla ya wakati wake, yakawa manjano na kudondoka. Kwa sababu hiyo katoni nzuri hutobolewa matundu, na kwa sababu hiyo pia haifai kuweka miche na ndizi mbivu katika buti moja la gari.

Giza, joto, baridi na ethilini huumiza. Lakini kinachoua, kwa kawaida, ni kukauka.

Mtoto wa chupa

Maji huingia katika mmea kwa mizizi na kutoka kwa majani. Hutoka kupitia stomata, yaani vinywa vidogo mno vilivyo kwenye ngozi ya jani, ambavyo hufunguka ili kuingiza hewa ya kaboni dioksaidi na hujifunga maji yanapopungua. Sehemu nyingine ya jani imefunikwa kwa utando wa nta usiopitisha maji kirahisi. Mwanafunzi akitazama kibanja saa saba mchana, siku ya jua kali, ataona nusu mbili za jani la mgomba zimekunjamana kuelekea chini: mmea unajipunguzia eneo linalopigwa na jua. Mgomba uliokomaa, basi, una njia kadhaa za kubana matumizi ya maji.

Mche wa maabara bado hauna njia hizo. Umezaliwa katika chupa iliyofungwa, ambamo hewa imejaa mvuke kiasi kwamba jani halina sababu ya kujilinda. Utando wake wa nta ni mwembamba sana. Stomata zake zimezoea kukaa wazi na hazijui kujifunga upesi. Umelishwa sukari iliyochanganywa katika agari, yaani ute mgumu utokao katika mwani, kwa hiyo majani yake hayajazoea kujitafutia chakula kwa mwanga. Hata mizizi yake, ambayo machoni huonekana mizuri na myeupe, ni duni: mara nyingi haina vinyweleo vya kutosha, na njia za maji kati yake na shina hazijaungana vizuri. Mche wa namna hiyo ukitolewa chupani na kuwekwa mezani katika hewa ya kawaida waweza kunyauka mbele ya macho ya mtu katika muda usiozidi kipindi kimoja cha somo.

Mtu akiumwagia maji, yafika kwenye mizizi lakini hayapandi kwa kasi ya kulipa yanayopotea juu. Akizidisha, maji huchukua nafasi ya hewa katika udongo. Mizizi hukosa oksijeni, hushindwa hata kazi ndogo iliyokuwa ikiifanya, na kuvu za kuozesha huingia. Majani hunyauka zaidi. Mwenye mche huona kiu, huongeza maji tena. Ni duara baya, na huishia jalalani.

Akiutilia mbolea hali huwa mbaya kwa njia nyingine. Kila aliyesoma osmosisi anajua kwamba maji huelekea upande wenye chumvi nyingi. Kipande cha kiazi kikiwekwa katika maji ya chumvi hulegea. Mzizi mchanga uliochubuka, ukizungukwa na mbolea, hupatwa na hayo hayo. Mgonjwa mwenye kiu anakuwa amenyweshwa maji ya bahari.

Dawa iko upande wa pili wa mizani. Kwa kuwa mizizi haiwezi kuongeza mapato kwa haraka, lazima majani yapunguziwe matumizi, na njia ya kuyapunguza ni kuujaza unyevu hewa inayoyazunguka. Elimu hii si mpya. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona mimea midogo imeota ndani ya chupa aliyoifunga kwa ajili ya kuchunguza mdudu, nayo ikaendelea kuishi bila kumwagiliwa, kwa kuwa mvuke uliotoka uligeuka matone kwenye kioo na kurudi chini. Mwaka 1833 alipeleka Sydney, Australia, masanduku mawili ya kioo yenye mimea, na baada ya miezi mingi baharini mimea ikafika hai. Kabla ya hapo, mimea iliyosafirishwa wazi juu ya sitaha ilikufa kwa chumvi na upepo. Masanduku ya Ward yalitumika baadaye kuhamisha chai, mikwinini na mazao mengine kutoka bara hadi bara, na si kila mara kwa faida ya wenye nchi mimea ilikotoka. Hema la nailoni linaloonekana leo katika kitalu cha migomba ni sanduku hilo hilo la Ward, isipokuwa ni la bei nafuu.

Kuuguza

Katoni ifunguliwe siku ile ile ya kufika, kivulini, mahali pasipo upepo. Mche uliofika katika ute wa agari huoshwa kwa maji safi ya vuguvugu hadi ute wote uishe, kwa sababu sukari iliyobaki ni karamu ya kuvu. Kisha hupandwa katika kiriba kidogo chenye mchanganyiko mwepesi unaopitisha maji: udongo wa juu wa msituni, mchanga, na mboji iliyooza kabisa kwa kiasi kidogo. Udongo unaochukuliwa ndani ya kibanja haufai hata ukiwa mweusi na mzuri namna gani, kwani huenda una nematodi, na kuutumia ni kuupotezea mche usafi wake uliogharimu fedha nyingi.

Hapo tena mche huingizwa chini ya hema la nailoni lililotandwa juu ya vijiti, na hema lenyewe liwe chini ya kichanja chenye kivuli kizito. Jua likilipiga hema moja kwa moja, ndani yake hugeuka tanuri. Udongo humwagiliwa mara moja vizuri na kuachwa uchuruzike. Baada ya hapo kinachonyunyiziwa ni hewa na majani, kwa bomba lenye tundu dogo, ili matone yaonekane muda wote upande wa ndani wa nailoni. Bukoba ina bahati ya mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka katika ukanda wa ziwa, na hewa yake si kavu. Lakini kuelekea magharibi mvua hupungua sana, na mtunza kitalu wa huko hawezi kuiga ratiba ya mwenzake wa pwani ya ziwa bila kuitazama hali ya hewa yake.

Majani yaliyokauka kabisa hukatwa. Yaliyo nusu manjano nusu kijani huachwa, maana ile nusu ya kijani bado inafanya kazi. Hili huwasumbua wapenda usafi. Jani lililovunjika halitaungana tena wala kovu halitafutika. Mmea hauponi kama mnyama, kwa kuziba kidonda kwa nyama mpya. Hupona kwa kuacha jani la zamani na kutoa jingine. Kwa hiyo anayeuguza mche hapaswi kuyahesabu majani yaliyoharibika. Atazame jani la moyo, lile lililojiviringa katikati kama sigara. Likiwa gumu na la kijani, mche u hai hata kama majani mengine yote yamekufa, kwani kitovu cha ukuaji wa mgomba kimejificha chini, ndani ya tunguu. Likivutwa polepole likang'oka, lina ute na harufu mbaya, mche huo umeoza na utolewe upesi usiambukize wenzake.

Katika wiki ya kwanza pengine hakuna litakalotokea, na subira ndiyo kazi yenyewe. Mizizi mipya hutangulia jani jipya, nayo haionekani. Kwa kawaida baada ya wiki mbili tatu jani la kwanza la kitaluni hufunguka. Jani hili limeundwa nje ya chupa. Lina nta nene zaidi na stomata zinazojifunga. Hapo hema huanza kuinuliwa: kwanza saa moja asubuhi na saa moja jioni, halafu usiku kucha, mwishowe huondolewa. Mche huhamishiwa katika kiriba kikubwa na kukaa wiki sita hadi nane chini ya kivuli kinachopunguzwa kidogo kidogo. Ni katika kipindi hicho, si kabla yake, ambapo mbolea kidogo huwa na maana, kwa kuwa sasa ipo mizizi ya kuipokea.

Mgonjwa mwenye mitungi

Kanuni hizi zinaonekana wazi zaidi katika mmea ambao haumo Kagera, wala popote katika bara la Afrika kwa asili yake, lakini unapatikana kwa majirani wa Bahari ya Hindi: Madagaska, Shelisheli na Sri Lanka, na kwa wingi zaidi katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Ni mmea-mtungi, ambao wataalamu huuita Nepenthes. Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika ule wa Madagaska mwaka 1658. Ncha ya jani lake hurefuka kuwa kikonyo chembamba, na mwisho wa kikonyo hicho huvimba mtungi wenye mdomo unaoteleza na kifuniko kinachouzuia kujaa mvua. Mdudu afuataye utamu huteleza, huzama katika maji yaliyomo, na vimeng'enya humyeyusha.

Wanafunzi wengi hudhani mmea huo hula wadudu kama simba alavyo swala, yaani kwa ajili ya nguvu. Sivyo. Nguvu zake hutoka katika mwanga, kama za mgomba. Anachotoa mdudu ni naitrojeni na fosforasi, ambazo udongo wa mvua nyingi na tindikali hauna kwa kutosha. Watu wa Kagera walikabili tatizo hilo hilo: udongo wa rweya, yaani mbuga ya nyasi, umeoshwa na mvua na ni maskini, na kibanja kilistawishwa kwa samadi ya ng'ombe na matandazo yaliyorundikwa vizazi kwa vizazi. Mmea-mtungi hauna ng'ombe, ukajitengenezea mtego. Anayetaka kuona mmea wenye desturi hiyo bila kusafiri atafute katika maji tulivu ya vinamasi vya Ziwa Victoria mmea uitwao Utricularia, unaoelea ukiwa na vibofu vidogo kama vichwa vya pini. Kibofu humfyonza mdudu wa majini kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mmea-mtungi hupendwa sana na wakuza maua wa nchi mbalimbali, nao husafirishwa katika vifurushi. Biashara yake imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa sababu aina kadhaa zimeng'olewa msituni kwa pupa. Ukifika umeumia, dalili ni zile zile: maji ya mitungi yamemwagika, mitungi imesinyaa, mizizi yake myembamba na myeusi imekatika. Mwenye nao hushikwa na vishawishi vile vile viwili, tena vikiwa vikali zaidi. Huujaza maji, na huutumbukizia nyama au mbolea katika mitungi iliyobaki. Nyama huoza, kwa sababu mtungi unaokufa hautoi vimeng'enya vya kutosha. Mbolea katika udongo huichoma mizizi ambayo haikuzoea utajiri.

Matibabu yake ni ya mgomba wa chupa, kwa ukali zaidi. Udongo uwe mwepesi, usio na mbolea hata chembe. Maji yawe ya mvua, maana ya kisima yenye chokaa huudhuru. Hewa iwe na unyevu mwingi, mwanga uwe mwingi usio wa jua kali. Mtungi uliokauka hukatwa, lakini bapa la jani lililo kijani huachwa, kwani ndilo jiko, na mtungi ni kibuyu tu pembeni yake. Hata ncha ya shina ikifa, machipukizi yaliyolala kwenye makwapa ya majani yaweza kuamka. Na mmea huu una kipimo kizuri ambacho mgomba hauna: hewa ikiwa kavu, jani jipya huja na kikonyo chenye ncha iliyokauka bila mtungi. Jani likija na mtungi kamili, muuguzaji anajua, bila ya chombo chochote, kwamba unyevu unatosha na mizizi imeshika.

Jaribio la kufanya shuleni

Madai haya yaweza kupimwa kwa gharama ndogo. Shule ioteshe miche 40 ya maharage hadi iwe na majani mawili kamili. Yote ing'olewe, udongo uoshwe kwenye mizizi, na iachwe kivulini hadi ilegee. Hiyo ndiyo safari. Kisha igawanywe katika mafungu manne ya miche 10 na kupandwa katika viriba. Fungu la kwanza lifunikwe kwa mifuko myeupe ya nailoni na kuwekwa kivulini. La pili likae kivulini bila kufunikwa. La tatu likae juani bila kufunikwa, likimwagiliwa asubuhi na jioni. La nne lifunikwe kama la kwanza, lakini kila kiriba kitiwe kijiko kimoja cha mbolea ya chumvichumvi. Baada ya siku 7 ihesabiwe iliyo hai katika kila fungu. Sababu ya kutumia miche 10 na si mmoja ielezwe na mwalimu kabla ya kuanza, kwa kuwa mche mmoja waweza kufa kwa sababu yoyote.

Wenye karatasi za kobalti kloridi waziweke juu na chini ya jani la mche uliofunikwa na usiofunikwa, na kupima muda unaopita kabla ya rangi ya buluu kugeuka waridi. Tofauti ya muda huo ndiyo maji ambayo hema limeyaokoa.

Kutoka kitaluni hadi kibanjani

Mche wa mgomba wenye majani matano au sita yaliyokua nje ya chupa, na kimo cha sentimita 30 hivi, uko tayari kwenda shambani. Hupandwa mvua zinapoanza, katika shimo la sentimita 60 kila upande lililotiwa samadi iliyooza, na kuwekewa matandazo yasiyogusa shina. Huko nako miezi ya kwanza ni ya hatari, hasa mvua zikikatika. Lakini jani sasa linajua kujifunga, na mzizi unajua kutafuta. Mkungu wa kwanza huvunwa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Kabla ya hapo machipukizi huwa yamekwisha kuota kando ya mama. Hayo hayahitaji katoni wala hema: hung'olewa alfajiri, hufunikwa kwa majani, na kubebwa kichwani hadi kwa jirani, baada ya kisu kupitishwa kwenye moto.